Gofu ya visahani usiku: ya kuweka sawa kabla giza halijaingia

Huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwanzoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni. Ukitoka kazini saa kumi na moja unakuta kiwanja chote ni giza totoro, na chakula cha usiku bado hata hakijawekwa jikoni. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ambako magharibi haihamihami sana mwaka mzima, jambo hili halizoeleki upesi. Mchezaji wa gofu ya visahani hapa ana njia mbili: afungie visahani kabatini hadi Machi, au ajifunze kucheza gizani. Mimi nilichagua ya pili, na msimu wa kwanza nikapoteza visahani vitano. Taa yangu haikuwa dhaifu. Ilikuwa kali mno, na nilikuwa naimulika pasipostahili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unarusha kisahani cha plastiki kutoka sehemu ya kuanzia hadi kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia, na anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Kikapu hicho cha minyororo kilibuniwa na Ed Headrick huko California miaka ya 1970, na kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove. Siku hizi viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na hulipi kitu.

Anza na kisahani chenyewe. Kuna njia mbili za kukifanya kionekane. Ya kwanza ni kununua vile vilivyotengenezwa kwa plastiki inayokunywa mwanga na kuutoa polepole, kama mishale ya baadhi ya saa za mkononi. Hivi havina betri wala uzito wa ziada, na vinaruka vilevile kama mchana. Kasoro yake ni kwamba mng'ao huwa mkali kwa dakika chache tu kisha unafifia, kwa hiyo ni lazima ukinyweshe mwanga karibu kila mara kabla ya kurusha. Tochi ya kawaida au ya simu itakuchosha. Tafuta tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, jamii ya ile taa ya keshia ya kukagulia noti bandia. Ipitishe juu ya kisahani kwa sekunde ishirini au thelathini, karibu kabisa na plastiki, na kitawaka kijani mpaka ucheke. Usiimulike machoni mwa mtu, na usiitazame mwenyewe. Mwanga huo unaonekana hafifu, lakini jicho linapokea zaidi ya linachokiona.

Njia ya pili ni kubandika kitaa kidogo cha betri ya saa chini ya kisahani kwa selotepu inayopitisha mwanga. Hapa kuna mambo yanayoonekana madogo lakini ndiyo yanayoharibu usiku mzima. Kitaa kikae katikati kabisa, upande wa chini. Kikiwa pembeni, kisahani kitatikisika hewani kama gurudumu lililopinda. Chagua kisahani cha plastiki angavu, kwa sababu cheusi au kilichokolea rangi kitauficha mwanga na utaona kitu pale tu kinapoanguka upande wa chini ukitazama juu, jambo ambalo halitokei unapotaka. Na ubandike ukiwa nyumbani, kisahani kikiwa kikavu na chenye joto. Selotepu haishiki kwenye plastiki yenye baridi na umande, na ukijaribu kubandika kiwanjani huku umevua glovu, utaelewa kwa nini nasisitiza.

Wenye watoto wadogo, hizo betri za vidonge zifungiwe mbali. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Kitaa kikianza kulegea kifuniko, kitupe, usikifunge kwa selotepu ukadhani umemaliza.

Mimi napendelea kitaa wakati wa theluji, na plastiki ya kung'aa wakati wa kiangazi. Theluji laini humeza kisahani kizima, lakini taa iliyo chini yake huonekana kama doa la rangi juu ya weupe, tena inapendeza kutazama. Rangi nayo ina maana yake. Juni na Julai, majani ya huku hujaa vimulimuli, na mng'ao wao ni wa kijani-manjano. Nimewahi kumfuata mdudu mwendo wa dakika nzima nikidhani ni kisahani changu, wenzangu wakiniangalia tu bila kusema. Siku hizo acha plastiki ya kung'aa, tumia kitaa chekundu au cha buluu.

Sasa kikapu. Wengi hukisahau, wanadhani wakikaribia watakimulika. Lakini usipokiona kikapu tangu mwanzo huna pa kulenga, unarusha upande tu. Kama mko wengi na mna mkanda wa taa ndogo unaotumia betri, uzungusheni chini ya ule ukingo wa juu wa kikapu ili mwanga umwagikie minyororo. Betri yake au pawabenki ifungwe kwenye nguzo, chini, mahali ambapo kisahani hakitaigonga. Kama hamna, vijiti vile vya plastiki vinavyovunjwa ndipo viwake vinatosha: viwili au vitatu kila kikapu. Jua tu kwamba kwenye baridi kali huwaka hafifu, kwa sababu ndani yake ni kemikali na baridi huzipunguza kasi. Viweke mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kuvunja. Na vikapu ni mali ya bustani: msigundishe kitu kisichotoka, na mkimaliza mbebe kila kitu, vijiti vilivyozima pamoja na vipande vya selotepu.

Halafu kuna wewe mwenyewe, na hapa ndipo nilipokosea. Nilinunua tochi ya kichwani yenye mwanga wa kutisha nikijiambia nitaliona kila jani. Kweli nililiona kila jani lililokuwa hatua kumi mbele yangu. Kisahani kikipita hapo, kinaingia kwenye giza ambalo macho yangu hayakuwa tayari kuliona. Jicho huhitaji kama dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza sawasawa, na mwanga mmoja mweupe usoni huifuta kazi yote hiyo. Kwa hiyo nunua tochi ya kichwani inayopunguzika na yenye taa nyekundu. Nyekundu ni ya kutafutia kitu mkobani na kuandika alama. Nyeupe iliyopunguzwa ni ya kutembelea, usije ukatumbukia shimoni au kujikwaa kwenye mzizi. Wakati wa kurusha, taa za watu wote zizimwe, hata ya anayerusha. Ukiongea na mwenzako, geuza kichwa pembeni au inamisha tochi. Mkubaliane mapema, kwa sababu katikati ya mchezo mtu anayemulika wenziwe hukasirika akiambiwa.

Betri za ziada ziwepo, ziwekwe karibu na mwili. Baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri huzinyonya betri za kawaida kuliko unavyofikiri. Za lithiamu huvumilia zaidi. Simu nayo iwe imejaa chaji, lakini usiihesabu kama tochi, kwa sababu ikizima huna taa na huna wa kumwita.

Visahani vitatu vinatosha. Acha nyumbani vile vya kasi vinavyokwenda mbali. Usiku mbali ni mahali pa kupotezea vitu. Chukua viwili vya masafa ya kati na kimoja cha kutupia kikapuni. Nyuma ya kila kimoja andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Huku ni desturi, na mtu anayetembeza mbwa asubuhi akikiokota mara nyingi atakupigia.

Kiwanja kichague mchana. Sisemi ukitazame kwenye picha, ukitembee kwa miguu yako: maji yako wapi, mteremko uko wapi, njia ya waendesha baiskeli inakatiza wapi. Kiwanja usichokijua usikianze usiku hata kama una taa za uwanja wa mpira. Soma pia kibao cha langoni. Bustani nyingine hufungwa jua likizama, nyingine saa nne usiku, na Juni jua la huku huzama saa tatu, kwa hiyo unaweza kujikuta una saa moja tu ya giza halali. Kama mnakwenda wengi, ulizieni kwanza ofisi ya bustani. Nitasema wazi jambo ambalo wenyeji hawalifikirii: kundi la wanaume weusi wenye taa za kichwani wakipekua vichaka karibu na nyumba za watu linaweza kupigiwa polisi. Mimi hubeba ujumbe wa ruhusa kwenye simu, naegesha gari penye taa, na tunacheka kwa sauti. Wanaojificha hawacheki.

Kiangazi vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi. Majani marefu ya huku yana kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na gizani huwezi kuona unakanyaga wapi. Ukirudi jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Kitu cha mwisho kupangwa kabla hamjaanza ni nani anasimama wapi. Mmoja atangulie pembeni, nyuma ya mti, akiwa na taa yake nyekundu aliyoizima, aangalie kisahani kinapotua. Wengine wasikilize. Usiku sikio husaidia kuliko mtu anavyotarajia: tawi lina sauti yake, theluji yake, minyororo yake. Kisahani kisipoonekana, kanuni za mashindano hutoa dakika tatu za kutafuta, na sisi tunazifuata hata kwenye mchezo wa kirafiki, vinginevyo mtaganda hapo. Zikiisha, chomeka kijiti ardhini mlipokiona mara ya mwisho, endeleeni, urudi kesho kabla ya kazi. Vile vitano vyangu, vitatu nilivipata hivyo, kimoja kikiwa hatua nne tu kutoka kwenye kijiti, kitaa chake bado kinawaka.