Mazabodi na kadi ya grafiki kwa kompyuta ya ofisini iliyotumika: nini ununue, nini uache

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazouzwa Kariakoo na katikati ya Nairobi zilitoka maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni imara na bei yake inabebeka. Mtu akitaka gemu au kuhariri video, hukimbilia kadi ya grafiki. Usianze na kadi. Anza na pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na kasha, maana hivyo ndivyo vinavyoamua kadi gani itaingia na itawaka. Mfano wetu ni OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Dell ililirudia jina hilo mwaka 2023, kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kupakua draiva (programu inayoendesha kifaa).

Hatua ya 1: Soma lebo ya pawasaplai

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, ndipo ufungue ubavu. Kasha refu (MT) la 7010 lina pawasaplai ya wati 275, dogo (SFF) wati 240. Zote hazina waya wa pini 6 wa kulisha kadi ya grafiki, kwa hiyo kadi itategemea umeme wa tundu la PCIe (pale inapochomekwa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu) peke yake, ambao kikomo chake ni wati 75.

Piga hesabu: prosesa i5-3470 wati 77, kadi 75, mazabodi, diski, RAM na feni wekea 50. Jumla 202. Wati 275 zinatosha vizuri. 240 zinatosha kwa nafasi finyu.

Ukiambiwa kuna kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA (ule unaolisha diski) kuwa pini 6, kikatae. Plagi ya SATA hubeba wati 54 kwenye volti 12, na kadi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75 kupitia hapo. Plastiki huyeyuka, na moto si jambo la kubahatisha.

Hatua ya 2: Pima kasha

SFF huingiza kadi ya nusu kimo tu, ile ambayo ubao wake una kimo cha sentimita 7 hivi. Kadi za mtumba mara nyingi huja na bati refu la nyuma huku lile fupi limepotea. Dai bati fupi kabla ya kulipa. Angalia pia kama kadi nene ya nafasi mbili haitagonga pawasaplai.

Hatua ya 3: Chagua kadi

Chaguo letu la kwanza ni GTX 1650 ya GB 4, lakini ile isiyo na tundu la umeme juu yake, kwani baadhi ya matoleo yanataka pini 6. GTX 1050 Ti nayo ni wati 75 na inafaa ikiwa bei yake iko chini sana. NVIDIA imeshaacha kuitolea draiva mpya za gemu.

GT 1030 ziko mbili kwa jina moja. Zinatofautiana kwa aina ya kumbukumbu: yenye GDDR5 husafirisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 GB 16.8 tu. Usinunue bila kuona neno GDDR5.

RX 6400 hula wati 53 tu, ila inatumia njia nne za PCIe. Kwenye PCIe 3.0 ya 7010, kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa gemu huanza kukwama. Tena haina kisimbaji cha video (encoder), kwa hiyo mhariri wa video aiache.

Hatua ya 4: Je, mazabodi ibadilishwe?

Ukibadilisha mazabodi ya 7010, RAM ya DDR3 haiendi nayo, prosesa haiendi, na nyaya za kitufe cha mbele ni za Dell pekee. Kinachobaki ni SSD, skrini na kibodi. Ikiwa unahitaji Windows 11 rasmi, hata hivyo, hakuna kadi itakayokusaidia: prosesa za Intel zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8.

Basi nunua seti: mazabodi ya B550, prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, RAM ya DDR4-3200 GB 8 mbili (mbili, si moja ya 16), pawasaplai halisi ya wati 500 au 550, na kasha la kawaida. Hapo RX 6600 ya GB 8, wati 132, inakaa vizuri. Ukipata mazabodi ya B450 kwa bei nzuri, hakikisha BIOS yake (programu yake ya msingi) imeshasasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo skrini itabaki nyeusi. Ukienda na mazabodi ya H610 ya Intel, kumbuka kuna za DDR4 na za DDR5, na RAM haziingiliani. Prosesa yenye herufi F mwishoni haina grafiki yake. Bila kadi haionyeshi kitu.

Hatua ya 5: Jaribu dukani

Beba GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kwenye flashi. Kadi bandia, yaani za zamani zilizobadilishiwa BIOS, huandikwa humo neno FAKE mwanzoni mwa jina. "1050 Ti" yenye tundu la VGA ishuku papo hapo. Kisha endesha FurMark, programu ya kuibana kadi, dakika 15: vidoti au mistari ya rangi ikitokea, irudishe.

Nyumbani, chomeka waya wa skrini kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Skrini ya VGA pekee itahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Ile plagi ya bei chee ya DVI kwenda VGA haifanyi kazi na kadi hizi.