Hedifoni za Ndani ya Sikio Zisiumize Safari Nzima

Basi la Kampala kwenda Arua hukata karibu kilomita 500. Ukivaa hedifoni tangu kituoni, masikio yanaweza kuanza kuuma hata kabla ya kuvuka Nile pale Karuma. Mara nyingi tatizo ni vile vimpira vya mbele, wala huna haja ya kununua hedifoni mpya.

Pakiti nyingi huja na jozi tatu: S, M na L. M ndiyo inayokuwa imeshavalishwa, na wengi hawazigusi nyingine. Pima kila sikio peke yake, maana tundu la kulia na la kushoto huweza kutofautiana; kuvaa M huku na S kule si kosa. Cheza wimbo wenye besi nzito. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza hedifoni huku ukiizungusha kidogo, kisha achia sikio.

Sasa tafuna kama unayekula. Besi ikipotea, kimpira ni kidogo au hakijakaa sawa. Ukihisi ukuta wa tundu unasukumwa, ni kikubwa. Kidogo nacho huumiza, jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa kuwa kinalegea, unakisukuma ndani tena na tena hadi plastiki ngumu inagusa ngozi.

Kama silikoni haikukubali, jaribu sponji. Ibonyeze iwe nyembamba, iingize upesi, ishikilie sekunde 20 hadi 30 itanuke. Husambaza mgandamizo vizuri, ila hunyonya jasho na kuchakaa mapema. Dukani nenda na hedifoni zako: kimpira chenye tundu pana kuliko shingo ya hedifoni kinaweza kuchomoka na kubaki sikioni.

Maumivu yakiwa nje, kwenye lile bonde la sikio, kubadili vimpira hakutasaidia sana. Hapo ni umbo la hedifoni yenyewe. Zenye waya, upitishe juu ya sikio na uubane kwenye kola usivute.

Kimpira kinachoziba vizuri huzuia kelele za taksi, hivyo huna sababu ya kupandisha sauti. Hili ni muhimu kuliko starehe. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Zikifika 90, saa 4 tu. Kwenye boda usivae kabisa, unahitaji kusikia barabara.

Kila saa zitoe dakika 5 hadi 10, kwa sababu tundu lililozibwa hukusanya unyevu na ngozi hulainika, ikawashwa. Zungusha kwanza ili hewa iingie, ndipo uvute. Kuchomoa kwa ghafla hufyonza kiwambo cha sikio.

Mara moja kwa wiki toa vimpira vya silikoni, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Wavu wa hedifoni, pale sauti inapotokea, usafishe kwa mswaki laini mkavu, hedifoni ikiangalia chini, nta idondoke nje. Usichokoe sikio kwa kijiti cha kiberiti wala pamba, utaisukuma nta ndani zaidi. Sikio likitoa maji, au likiuma ukilivuta, acha hedifoni na uende kliniki. Vimpira ulivyokuwa ukitumia vitupe.