Uchovu wa baada ya kiharusi: jinsi ninavyougawa mchana wangu

Kiharusi kilinikuta mwaka 2021 hapa Tanga, mguu ungali unakanyaga cherehani. Mkono wa kushoto ulirudi polepole, na leo natunga uzi mwenyewe. Kilichogoma kuondoka ni uchovu. Sisemi ule wa kazi, unaolala nao ukaamka umeisha. Huu hunijia hata saa nne asubuhi, nimetoka kunywa chai tu: kichwa kizito kama kanga iliyolowa, mteja akiniuliza mita ngapi, jibu linakawia. Karibu nusu ya waliopata kiharusi wanaujua, hata wale ambao chao kilikuwa kidogo. Kwa hiyo si uvivu, wala hujarogwa.

Anzia kliniki. Mimi nilikutwa na upungufu wa damu. Kwa mwingine ni tezi ya shingoni, sukari, sonona, kukoroma kunakokata pumzi usiku, au dawa ya presha yenyewe. Dawa usiiache kwa uamuzi wako, uliza kwanza. Na ukiona ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo umekwenda kombo au ulimi umekuwa mzito, huo si uchovu. Hospitali saa hiyo hiyo.

Kisha chukua daftari. Mimi nililigeuza lile la vipimo vya wateja, nikaanzia nyuma. Wiki mbili niliandika saa, nilichokifanya, na uchovu kwa namba, kuanzia 0 mpaka 10. Andika na yale yasiyoonekana kuwa kazi: simu, wageni, kelele, kuhesabu chenji. Nilidhani cherehani ndiyo inayonimaliza. Kumbe ni kukata kitambaa huku mteja anasimulia mambo ya harusi na redio inaimba. Hapo nilifika 8. Kukunja pindo peke yangu nusu saa kuliniacha kwenye 3. Nikaona na jingine: siku niliyoamka mwepesi nilishona magauni mawili, nikapiga pasi, nikafua juu yake. Siku mbili zilizofuata sikuinuka mkekani.

Dawa yake ni kusimama kabla hujachoka. Kama daftari linaonyesha unazidiwa kwenye dakika ya 40, simama ya 25, hata mshono ukiwa umebaki shubiri moja. Nilitega kengele ya simu. Wiki ya kwanza nilikuwa naizima, "namalizia kidogo tu", na hiyo kidogo tu ndiyo iliyokuwa ikinilaza. Sasa naiacha sindano imezama kwenye kitambaa, naondoka. Siku nzuri nayo ina dakika 25 zilezile, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Kipimo kikikaa wiki mbili bila kuniangusha, naongeza dakika tano. Usingizi wa mchana nusu saa, usivuke saa tisa. Ule niliokuwa nalala saa mbili nzima ulikuwa unaniibia usiku.

Sasa mawazo. Uchovu ukiingia, nyuma yake huja maneno: nimekuwa mzigo, sitashona tena. Mwanasaikolojia aliyenisaidia aliniambia niyaandike yalivyo, halafu niyadai ushahidi. Nikafungua daftari: wiki ile nilikuwa nimemaliza sare nne za shule. Chini ya "sitashona tena" nikaandika, "Leo nimechoka. Juzi nimemaliza sare." Siyo kujidanganya. Ni kupunguza neno mpaka lilingane na ukweli, kama unavyobana gauni lililopwaya.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia zoezi la kuupitia mwili. Mtaalamu mmoja, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya aina hii mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani. Mimi nalifanya baada ya Adhuhuri, kwa kuwa mkeka umeshatandikwa. Lala chali, mto chini ya magoti. Peleka akili kwenye vidole vya mguu, kaa hapo pumzi tatu nne, panda kisigino, shavu la mguu, goti, mpaka utosini. Ukifika upande uliopooza usiuruke. Kiganja changu cha kushoto kina wadudu wanaotambaa tu. Nakaa nao, sikisugui, sikilaumu. Akili itakimbilia deni la vifungo. Irudishe bila kuigombeza, hata mara ishirini. Ukipitiwa na usingizi, fanya umekaa. Hofu ikipanda, fumbua macho, sikiliza ya nje: bajaji, muuza samaki. Na usilale pale ukingoja uchovu uishe, utakasirika bure. Kwangu kilichopungua kwanza ni ugomvi wangu nao, na mabega yakalegea.

Walio nyumbani wape namba. "Nimechoka" wameizoea, haiwashtui tena. Binti yangu siku hizi anauliza, "Mama, ngapi?" Nikisema 7, anaepua sufuria mwenyewe na kuzima redio.

Wateja ndio kazi. Juzi shangazi mmoja wa mtaani kaja na kitambaa cha harusi ya Jumamosi. Nikamwamkia, nikamwonyesha daftari. "Jikaze, fundi," akasema. Nikamjibu, "Shangazi, nimejikaza mwaka mzima, nikalala nusu yake. Gauni hili ni Jumatano ijayo." Akasonya, akakunja kitambaa, akafika mlangoni. Halafu akarudi kupimwa.