Kabla Hujanunua Kamera ya Nje Isiyo na Waya

Wengi huanzia dukani. Wanauliza bei, wanauliza megapikseli ngapi, wanarudi na boksi. Fundi akishapanda ngazi ndipo inagundulika kwamba juu ya geti hakuna soketi, Wi-Fi haifiki, na uso wa mtu anayegonga utaonekana kama doa. Kamera ya nje huchaguliwa na ukuta itakapofungwa. Basi kabla ya kutoa hela, shika simu, futikamba na karatasi, uizunguke nyumba yako mchana na uizunguke tena usiku.

Kwanza elewana na muuzaji kuhusu neno lenyewe, kwa sababu "isiyo na waya" hutumika kwa vitu viwili. Kuna kamera isiyo na waya wa mtandao tu: picha zinapita kwenye Wi-Fi, lakini umeme inauchukua ukutani kwa adapta ya volti 5 au 12. Kuna nyingine isiyo na waya wowote, yenye betri ndani na mara nyingi paneli ndogo ya sola. Ya kwanza inaweza kurekodi saa 24. Ya pili hulala muda wote, ikaamshwa na kihisi joto mtu anapopita, ikarekodi sekunde 10 hadi 30, ikalala tena. Kuamka kwenyewe huchukua sekunde moja au mbili, na mtu anayepita mbio utamkuta kwenye video akiwa ameshageuza mgongo. Kwa geti na mlango mkubwa, tafuta umeme wa ukutani hata kama itabidi uvute waya mita kumi. Ya betri iache kwa uani, banda la kuku, shamba, au nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki kuta zake zitobolewe.

Sasa futikamba. Pima kutoka mahali kamera itakapokaa hadi mahali mtu atakaposimama, maana swali la maana ni kama utamtambua. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili uso wa mtu usiyemjua utambulike bila shaka. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, hivyo picha isizidi upana wa mita 7.7 pale anaposimama. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo huona pembe ya karibu nyuzi 105, upana huo unafikiwa mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Ukichukua lenzi ya milimita 4 unapata kama mita 4. Kamera ya 2K (pikseli 2560 kwa upana) yenye lenzi ya 2.8 nayo inakaribia mita 4. Zaidi ya hapo utaona kwamba kuna mtu, amevaa shati jeupe, anaelekea kulia. Polisi hawatapata sura. Kwa hiyo kama geti liko mita 12 kutoka ukuta wa nyumba, usitegemee kamera ya barazani ikuonyeshe nani amegonga. Funga kamera kwenye nguzo ya geti, au nunua ya 2K yenye lenzi ndefu ya milimita 8 na ukubali kuona eneo jembamba.

Urefu nao una mtego. Fundi hupenda kupandisha kamera juu kabisa isifikiwe, mita nne au tano, na matokeo yake ni video za kofia. Mita 2.5 hadi 3 zinatosha, ikiinamishwa kidogo. Kihisi joto nacho huona vizuri mtu anayekatiza mbele ya kamera kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo ifunge pembeni mwa njia, isielekee njia kwa kunyooka. Na kwa wakazi wa Dar, Tanga au Mombasa: kihisi hicho hufanya kazi kwa kulinganisha joto la mwili na joto la ukuta au ardhi iliyo nyuma. Jioni ya Januari, ukuta ukiwa bado una nyuzi joto 31 na ngozi ya mtu iko kwenye 33, tofauti inakuwa ndogo na mtu anaweza kupita bila kamera kuamka. Tafuta kamera ambayo pia hutambua umbo la binadamu kwenye picha yenyewe. Hilo litakupunguzia pia kelele za simu kila paka anaporuka ukuta.

Halafu mtandao. Simama mahali hasa kamera itakapokaa, zima data ya simu ubaki na Wi-Fi, funga milango, piga simu ya video kwa dakika tano. Ikikatakata, kamera nayo itakatakata, tena zaidi, kwa sababu antena yake ni ndogo na yenyewe ndiyo inayosukuma picha kwenda nje. Ukiwa na programu ya kupimia mawimbi, namba ya -65 dBm au iliyo karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Ikifika -75 usifunge. Kamera nyingi za bei ya kawaida hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee. Hayo hupenya ukuta vizuri kuliko ya 5 GHz, lakini zege lenye nondo, bati na geti la chuma huyadhoofisha vibaya. Mara nyingi kuisogeza rauta karibu na dirisha linalotazama geti kunasaidia kuliko kununua kamera ghali zaidi.

Kama hakuna Wi-Fi kabisa, kwa mfano kiwanja kinachojengwa, ziko kamera za laini ya 4G. Hakikisha si toleo lililotengenezewa soko la Marekani, kwa kuwa mara nyingi halina bendi (masafa ya mawimbi) ya 3 wala ya 20 ambazo mitandao ya huku inazitumia. Toa PIN kwenye laini kabla ya kuichomeka. Na piga hesabu ya bando: video ya megabiti 2 kwa sekunde hula GB 0.9 kwa kila saa unayotazama. Kurekodi kwenye kadi iliyo ndani ya kamera hakuli bando. Kutazama kwa mbali na kutuma video kwenye hifadhi ya mtandaoni ndiko kunakokula.

Umeme ukikatika, kamera ya ukutani hufa, na hata ya betri huwa kipofu kwako kwa sababu rauta imezimika. Mwizi anayeijua nyumba huanzia hapo: mita ya LUKU iko nje, na swichi kuu mara nyingi iko karibu nayo. Weka UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoendelea kuipa umeme. Yenye alama ya mAh 10,000 ina kama watisaa 37 kwenye seli zake, na baada ya upotevu unabaki na 30 hivi. Rauta ikila wati 8 na kamera 5, utapata saa mbili na kidogo. Mgao wa saa sita unahitaji kubwa mara tatu, au inveta.

Kuhusu betri, usiamini "miezi 6" iliyoandikwa kwenye boksi kabla ya kuhesabu wapita njia wako. Chukua betri ya mAh 5,200, ambayo ni watisaa 19. Kadiria kamera inakula wati 1.5 inaporekodi. Mahali penye matukio 10 kwa siku, ya sekunde 20 kila moja, miezi inawezekana. Geti linalotazama barabara ya bodaboda lenye matukio 200 kwa siku ni zaidi ya saa nzima ya kurekodi kila siku, na betri ileile haitamaliza wiki mbili. Paneli ya wati 3 inaweza kuziba pengo hilo, mradi isifungwe chini ya upenu wa paa pamoja na kamera, kosa linaloonekana kila mtaa. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iinamie kaskazini nyuzi 10 hadi 15, na ifutwe vumbi kila mwezi wa kiangazi. Masika itachaji kidogo sana. Hakikisha kamera inakubali kuchajiwa ndani kwa waya.

Hifadhi ya video ndiyo huwaumiza watu baadaye. Kadi ya GB 128 kwa megabiti 2 kwa sekunde hubeba karibu siku 6 za kurekodi mfululizo, kisha huanza kufuta za zamani. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kamera za ulinzi, kwa sababu kadi ya kawaida huchoka haraka kwa kuandikwa upya usiku na mchana. Kadi bandia zimejaa: imeandikwa 512, ndani ni 32. Ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza yote na kuisoma tena. Kumbuka pia kwamba mwizi akiing'oa kamera anaondoka na kadi, kwa hiyo hifadhi ya pili, mtandaoni au kwenye mashine ya kurekodia iliyofichwa ndani, ni lazima kwa kamera inayofikika kwa mkono. Muulize muuzaji waziwazi: nisipolipia kila mwezi, nini kinaacha kufanya kazi? Kamera inayokubali ONVIF au RTSP, lugha za pamoja za kamera na mashine za kurekodia, inaweza kurekodi kwenye mashine yako mwenyewe hata kampuni ikifunga huduma zake. Kamera za betri kwa kawaida hazina uwezo huo.

Kwa kinga ya vumbi na maji, alama ya IP65 inatosha chini ya upenu. Mahali penye mvua ya moja kwa moja chukua IP66. Lakini maji huingia zaidi kwenye kiungio cha waya kinachoning'inia nje kuliko kwenye kamera yenyewe, kwa hiyo kitie ndani ya kiboksi na uupinde waya chini kidogo kabla haujaingia ukutani ili matone yaangukie hapo. Pwani, tumia skrubu za chuma cha pua. Za kawaida chumvi huzila.

Usiku, wadudu wanaoruka karibu na kamera huvuta buibui, na uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi, ukimulikwa na taa za infraredi za kamera (mwanga usioonekana kwa macho), huonekana kama kamba nyeupe inayocheza, na kamera inayotambua mwendo kwenye picha hukutumia arifa usiku kucha. Pitisha ufagio kila wiki mbili. Kamera ikiwa karibu sana na ukuta mweupe au dari ya upenu, mwanga wake hurudi na picha yote huwa ukungu; iache sentimita 30 hivi kutoka kwenye kuta za pembeni.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Badilisha nywila siku ya kwanza, washa uthibitisho wa hatua mbili, zima UPnP kwenye rauta (kipengele kinachoruhusu vifaa kujifungulia njia ya mtandaoni bila kukuuliza), na iweke kamera kwenye mtandao wa wageni. Usimwachie fundi akaunti iliyosajiliwa kwa namba yake. Weka saa kwenye UTC+3, saa za Afrika Mashariki, maana video yenye saa isiyo sahihi hubishaniwa.

Jirani naye ana haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Geuza kamera isitazame uani kwake, na kwenye mipangilio ya kamera tumia kisanduku cheusi cha kuficha sehemu ya picha. Mwambie mapema kabla hajaiona mwenyewe.

Ukishainunua, ifunge kwa skrubu mbili tu kwanza. Subiri giza, mtu asimame getini akiwa amevaa kofia, azime taa ya nje, agonge kama mgeni. Tazama video hiyo kwenye simu ukiwa mbali, kwa data yako. Sura ikionekana, malizia skrubu zilizobaki.