Kutambua jeni za usugu kwa sahani na diski: mwongozo kwa maabara za hospitali Mombasa

Mtaalamu wa maabara anayepokea chupa ya damu kutoka wadi ya wagonjwa mahututi hahitaji mashine ya PCR (inayonakili jeni ili zitambulike) ili aanze kushuku ni jeni gani iliyomo ndani ya bakteria aliyemwotesha. Sahani yenyewe humweleza mengi, mradi diski za dawa (vipande vya karatasi vilivyotiwa antibayotiki) ziwe nzima, na hapo ndipo maabara za Pwani zinapokwama.

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa kaskazi na masika. Kasha la diski likitolewa kwenye friji na kufunguliwa papo hapo hutokwa na jasho, matone yakalowesha diski, na zile za imipenemu au zenye asidi ya klavulaniki (inayozuia baadhi ya vimeng'enya vya usugu) huharibika upesi kuliko nyingi nyingine. Duara, yaani eneo tupu kuzunguka diski ambamo bakteria hawakuota, huwa dogo, na mgonjwa huandikiwa kwamba ana bakteria sugu ilhali hana. Kwa hiyo liache kasha mezani likiwa limefungwa kwa saa moja au mbili, hadi lipate joto la chumba, ndipo ulifungue. Ukimaliza, lirudishe pamoja na chembe za kukausha unyevu. Pima diski zako mara kwa mara kwa E. coli ATCC 25922, bakteria wa majaribio anayejulikana kusikia dawa, na duara likitoka nje ya kipimo kinachokubalika, usitoe majibu ya mgonjwa yeyote siku hiyo.

Uoteshaji wenyewe unajulikana: kimiminika chenye bakteria, kikiwa na ukungu wa kiwango cha 0.5 McFarland, agari ya Mueller-Hinton ya kuoteshea, nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Ukikuta Klebsiella pneumoniae asiyesikia ampisilini, usimtishe daktari, kwa kuwa huo ni usugu wa asili. Asiposikia sefotaksimu ndipo ushuku jeni ya CTX-M, mojawapo ya zile zinazotengeneza vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa za aina hii. Weka diski ya sefotaksimu peke yake na nyingine iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Duara la pili likizidi la kwanza kwa milimita 5 au zaidi, basi kimeng'enya cha ESBL kipo.

Jambo zito zaidi ni meropenemu, antibayotiki ya akiba, inaposhindwa. Chota bakteria kwa kitanzi cha mikrolita 1, wachanganye katika mrija wenye mililita 2 za mchuzi wa triptiki-soya, tumbukiza diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, kisha weka nyuzi 35 kwa saa nne. Andaa mrija wa pili kama huo, ila ulioongezwa EDTA, kemikali inayonasa zinki. Baadaye zitoe diski zote mbili na uzipange juu ya sahani iliyopakwa E. coli yule yule wa majaribio, ambaye dawa humuua kwa urahisi. Kesho yake, anza na diski ya mrija usio na EDTA: duara la milimita 6 hadi 15 maana yake ni kwamba dawa imekwisha kuliwa na kimeng'enya, milimita 19 na kuendelea, hakuna kimeng'enya, katikati, rudia. Kimeng'enya kikiwapo na duara la mrija wa EDTA likazidi kwa milimita 5 au zaidi, kimeng'enya hicho hutegemea zinki, na mshukiwa wa kwanza ni NDM. Jeni hii si mgeni kwetu, maana NDM-1 iliripotiwa katika Klebsiella kutoka Nairobi mwaka 2011. Duara lisipoongezeka, fikiria KPC au OXA-48, jeni za vimeng'enya visivyotegemea zinki, ambazo kipimo hiki hakiwezi kuzitenganisha.

Usikitumie kipimo hiki cha mirija kwa Acinetobacter baumannii, kwani majibu yake hayaaminiki, ijapokuwa jeni nyingine ya usugu, OXA-23, imeenea sana kwake. Kwa Staphylococcus aureus kazi ni nyepesi: diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30 ikitoa duara la milimita 21 au pungufu, mhesabu kuwa ana mecA, jeni ya usugu dhidi ya methisilini.

Majibu ya meropenemu yasisubiri karatasi. Mpigie simu muuguzi wa zamu ili mgonjwa atengwe, kwa sababu jeni nyingi kati ya hizi hukaa kwenye plasmidi (vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu), na plasmidi huhama kutoka Klebsiella kwenda kwa E. coli katika utumbo wa mgonjwa mmoja. Kisha hifadhi bakteria katika gliseroli, kwenye friza iliyounganishwa na jenereta, kwa ajili ya maabara ya rufaa. Kwenye lebo andika tarehe, wadi, aina ya sampuli na upana wa maduara yote mawili.