Somo: Namna ya kuuliza habari za moshi wa sigara kliniki ya watoto

Swali hili linarudi humu kila wiki: mtoto anakohoa mwezi hadi mwezi, nyumbani kuna mvutaji, mzazi tumwambie nini? Naliandika mara moja, tuwe tunaelekezana hapa. Kazi yenyewe ni ya dakika tatu, hata siku ya foleni.

1. Uliza kila hudhurio. Mtoto akiwa na wiki 6, 10, 14, miezi 9, miezi 18. Usingoje mtoto augue.

2. Uliza moshi, usimuulize mama kama anavuta. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Mama, unavuta sigara?" Anajibu hapana, napiga tiki, anaondoka. Jibu lake ni la kweli na halisaidii kitu, maana wavutaji wengi kwetu ni wanaume, na mtoto anavuta moshi wao. Sasa ni maswali matatu, kwa mpangilio huu: "Nyumbani mnapoishi, nani anavuta?" "Anavutia wapi?" "Ukienda kazini au sokoni, mtoto anashinda kwa nani?" Hilo la tatu ndilo linalomtoa babu, mpangaji wa chumba cha pili, au jirani anayemlea.

Onyo: usiulize mbele ya foleni wala mbele ya mama mkwe. Onyo la pili: ukikunja uso, hudhurio lijalo ataambiwa mwenzako kwamba nyumbani hakuna mvutaji. Na kwenye kadi usiandike "mama havuti". Andika: moshi upo au haupo, wa nani, wapi.

3. Onyesha kwa mwili wa mtoto mwenyewe. Mfunue kifua, mwache mama aangalie tumbo linavyopanda na kushuka. Kichanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20. Chumba kimoja, moshi mmoja, lakini mdogo ndiye anayevuta pumzi nyingi, tena kwa mapafu yanayokua. Kisha taja linalomhusu huyu: nimonia, pumu, sikio linalotoa usaha, au kwa kichanga, kifo cha ghafla usingizini.

4. Toa agizo moja: ndani ya nyumba na ndani ya gari sigara haiwashwi, mvua inyeshe, mgeni aje. Dirisha wazi halitoshi, feni inausambaza tu. Chumba cha pili nacho ni bure. Nyumba zetu nyingi kuta za ndani hazifiki kwenye paa, moshi unavuka.

5. Mvutaji mwite mwenyewe. Ukimtuma mama na ujumbe, umempelekea ugomvi. "Baba aje naye hudhurio lijalo, nina maneno mazuri naye" inatosha. Akija, mshukuru kwanza.

6. Hudhurio lijalo, soma kadi, uliza tena.

MASWALI

Nesi_Kata: Baba anasema anavutia mlangoni. Si ni nje?

Jibu: Mlangoni ni ndani, upepo unaurudisha. Aende mbali na mlango na madirisha. Awe na shati la kuvutia, alivue kabla ya kuingia, anawe mikono na uso, ndipo ambebe mtoto. Moshi hukaa kwenye nguo, nywele na godoro. Hii inapunguza madhara. Kuyamaliza ni kuacha.

kk88: Maneno mengi. Taja dawa ya kikohozi tu.

Jibu: Soma hatua ya 2 hadi ya 4. Dawa haishindani na moshi wa kila usiku. Na hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, dakika nzima: chini ya miezi 2 zikifika 60, miezi 2 hadi 11 zikifika 50, mwaka 1 hadi 5 zikifika 40, au kifua kinabonyea, mpeleke kituoni leo.

kk88: Kwa hiyo nimuulize mama kama anavuta?

Jibu: Hatua ya 2.

Mkunga_Pwani: Na kama mvutaji ni mama mwenyewe, ananyonyesha? Nimwachishe?

Jibu: Swali zuri sana, na wengi hukosea hapa. Usimwachishe. Maziwa yake bado yanamkinga mtoto na maradhi yaleyale ambayo moshi unayaleta. Nikotini ya sigara inaingia kwenye maziwa, ila hupungua nusu kwa takriban saa mbili. Basi anyonyeshe kwanza, avute baadaye, nje. Mtoto alale mahali pake, si kitanda kimoja naye. Kisha msaidie kuacha, hatua kwa hatua: hamu ikija kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache, anywe maji, ashike kazi ya mikono.

Fundi_Afya: Mnaisema sigara, mbona jiko la mkaa liko ndani?

Jibu: Hakuna aliyeliruhusu. Liwashwe nje, lipikiwe nje. Na msidanganyike na makaa mekundu yasiyotoa moshi: yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na kwenye chumba kilichofungwa inaua familia nzima usiku mmoja.

Mkunga_Pwani: Huku kwetu nguo za mtoto zinafukizwa udi.

Jibu: Kwa mwenye pumu au kikohozi, usimfukize mtoto wala nguo zake. Nguo zenu wakubwa zifukizeni mtoto akiwa uani kwa bibi, madirisha wazi, na asirudishwe chumbani mpaka moshi uishe.