Kunyatia bata maji kwenye hori za mikoko, Bagamoyo

Wengi wanaokosa bata kwenye hori (mikono ya bahari iingiayo nchi kavu) za Bagamoyo, kuanzia Nunge hadi mlango wa mto Ruvu, wamefuata saa ya mkononi bila kutazama maji. Maji yakipwa, bata hutawanyika mbali, nawe unabaki chini ya kingo ndefu za tope huoni kitu. Yakijaa, tope hufunikwa na ndege hubanwa sehemu chache: matuta ya mashamba ya chumvi, uwanda mkavu nyuma ya mikandaa (aina ya mikoko), na vipande vya ukingo kwenye kona za hori. Hapo ndipo wanapofikika.

Mwongozo huu ni wa mwenye darubini au kamera. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukipita kwenye mashamba ya chumvi, omba ruhusa kwa wenyewe.

Chagua bamvua, yaani maji makubwa, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Chukua ya jioni. Wakati huo jua liko upande wa bara na upepo kwa kawaida unatoka baharini, iwe kusi au kaskazi. Kwa hiyo usiwanyatie ukipanda na maji. Panda mapema kwa tawi la hori lisilo na bata, au ingia mtumbwini huko huko juu, ungoje maji yasimame, kisha ushuke nayo. Jua litakuwa mgongoni, upepo usoni ukipeleka sauti yako nyuma, na mkondo utakusukuma bila kelele. Saa ya kwanza ya kupwa maji hushuka polepole, hivyo bata bado wamebanwa.

Mtumbwi uwe wa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia, bila injini. Kinachowafukuza zaidi ni mti kugonga mti: sauti hiyo husafiri mbali juu ya maji. Funga gunia lililoloweshwa pale pondo linaposuguana na ubavu wa mtumbwi, na jingine litandike miguuni. Pondo lisitoke lote majini. Livute taratibu likiwa nusu ndani, maana hata matone yanasikika. Kubalianeni ishara za mkono na mwenye mtumbwi kabla ya kuondoka, kwa sababu kunong'ona nako ni kelele.

Kabla ya kila kona simama, shika tawi la mkoko, chungulia ukiwa umeketi. Ukisimama wima unajichora angani. Tafuta kwanza vitwitwi na yangeyange: wakiruka kwa mlio, bata wote wameshaarifiwa, na ni bora ungoje dakika kumi kuliko kuendelea.

Bata utakaowaona zaidi ni wale wenye uso mweupe na kisogo cheusi, wapigao mluzi wa sauti tatu. Hula sana usiku, na mchana hupumzika kwa makundi. Kichwa kikiwa chini ya bawa, songa. Shingo zikinyooka, ganda hapo hapo mpaka baadhi yao warudie kuchakura manyoya. Mluzi ukipokezanwa na kundi zima likageukia upepo, wanajiandaa kuruka, kwani bata hurukia upepo unakotoka; rudi nyuma mita kumi. Usiwaelekee moja kwa moja. Nenda mshazari, mikoko ikiwa nyuma yako. Kwa darubini ya 8×42, mita 60 zinatosha kabisa. Kwa lenzi ya milimita 400 jaribu 40. Chini ya hapo kundi kubwa ni nadra kuvumilia.

Ukilazimika kushuka, vaa raba za kamba zilizofungwa hadi kifundo. Buti za mpira hunyonywa na tope zikabaki humo, na miguu mitupu itachanwa na chaza na mizizi ya mchu (aina nyingine ya mkoko) iliyochomoza. Pita penye mizizi, ndipo pagumu. Tope tupu la ukingoni halina mwisho. Beba fimbo ya mita moja na nusu upime mbele. Ukizama hadi magotini usivute mguu kwa nguvu: kaa chini, tikisa unyayo taratibu maji yaingie pembeni, ndipo uutoe. Na usishuke maji yanapojaa. Bamvua hupanda zaidi ya mita 3, nusu yake ndani ya saa mbili za katikati, na mfereji uliouvuka kwa goti utakufika kifuani.

Karibu na Ruvu kuna mamba na viboko, na viboko hutoka majini kwenda kula giza linapoingia. Saa kumi na mbili isikukute huko.

Ukikuta kundi linakimbilia majini bila kuruka, huenda limepukutisha manyoya ya mabawa. Kwa majuma kama matatu haliwezi kuruka. Geuza mtumbwi, tafuta jingine.